Kuzuia wafanyakazi wako wasichukuliwe: kukubaliana na jirani, kifungu kwenye mkataba, mkataba wa mafunzo au mshahara? Kipi kinafaa huku Nyanda za Juu Kusini

Hili swali naulizwa sana na watu wenye biashara zao huku kwetu, kuanzia wenye shule binafsi Iringa mpaka wenye mashine za mbao Mafinga na viwanda vya kufungashia parachichi Njombe na Rungwe, na karibu kila mara linakuja hivi: nimemchukua kijana hajui kitu, nimemfundisha mpaka kaiva, jirani kaja kamchukua kwa nyongeza ya elfu hamsini tu, sasa mimi na huyo jirani tumekaa tukakubaliana kila mtu abaki na watu wake, asiguse wa mwenzake. Hapo kuna kosa gani?

Naelewa machungu yake kabisa, fundi wa kunoa misumeno au binti anayejua kugredi parachichi kwa macho haokotwi barabarani. Lakini kwa maoni yangu hayo makubaliano na jirani ndiyo njia mbaya kuliko zote ulizonazo, kisheria na hata kibiashara, na zipo nyingine zinazokupa kinga ile ile au zaidi bila kumfungia mtu riziki yake nyuma ya mgongo wake. Niziweke zote mezani mtu aone.

Kukubaliana kampuni kwa kampuni

Haya makubaliano mara nyingi hayaandikwi. Ni simu moja, au ni wamiliki wanne kwenye grupu la WhatsApp, au ni ule utaratibu wa "hatumchukui mtu yeyote kutoka kwako mpaka aje na barua yako ya kumuachia". Na jambo moja linalotofautisha njia hii na nyingine zote nitakazozitaja ni kwamba mhusika mkuu hayupo, yaani mfanyakazi hajasaini chochote, hajalipwa chochote, hajui lolote, yeye anaona tu anaomba kazi sehemu tatu na kote anaambiwa nafasi zimejaa.

Kesi kubwa kuliko zote ilitokea Marekani. Mwaka 2010 Wizara ya Sheria ya kule iliwafungulia kesi Adobe, Apple, Google, Intel, Intuit na Pixar kwa maelewano ya kutopigiana simu za ofa kwa wahandisi wao, na baadaye mwaka huo huo ikaja Lucasfilm. Barua pepe zilizotoka mahakamani zinasikitisha kuzisoma, mfano mwaka 2007 Steve Jobs wa Apple alimlalamikia Eric Schmidt wa Google kwamba kuna mtu wa Google kamtafuta mhandisi wake, na huyo mtu aliyetafuta, ambaye alikuwa anafanya kazi yake ya kutafuta watu tu, akafukuzwa kazi. Mwaka huo huo Jobs alimpelekea wazo kama hilo mkuu wa kampuni ya Palm, Ed Colligan, na Colligan akamjibu kwa maandishi kwamba jambo hilo sio sahihi na pia huenda ni kinyume cha sheria. Wafanyakazi nao wakashtaki kwa kundi, watu kama 64,000 hivi, kampuni zikapeleka dola milioni 324.5 wamalizane, jaji Lucy Koh akakataa kwamba ni ndogo, mwisho mwaka 2015 nne kati yao zikalipa dola milioni 415. Ukigawanya kijuujuu ni kama dola 6,500 kwa kila mtu kabla mawakili hawajachukua chao.

Baada ya hapo Marekani wakakaza zaidi, mwaka 2016 serikali ikatangaza kwamba makubaliano ya namna hii yakiwa matupu, yaani hayana biashara nyingine yoyote halali nyuma yake, wataanza kuyashtaki kama jinai. Kwenye jinai sio kila kesi wameshinda, kampuni ya DaVita na aliyekuwa bosi wake waliachiwa na jopo la wananchi wanaoamua kesi mahakamani (jury) mwaka 2022, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba kila anayeshikwa anafungwa. Ila kwenye madai na faini njia imeshafunguka. Hata Ulaya, Juni 2025 Kamisheni ya Ulaya iliwapiga Delivery Hero na Glovo, kampuni za kupelekea watu chakula, faini ya jumla ya euro milioni 329, na kutochukuliana wafanyakazi kulikuwa moja ya makosa matatu, pamoja na kupeana taarifa za siri za biashara na kugawana masoko. Kilichonishtua mimi kwenye ile kesi ni jinsi ilivyoanza, kilikuwa kifungu kidogo kwenye mkataba wa hisa kinachohusu baadhi tu ya wafanyakazi, kikakua kikakua mpaka kikawa maelewano ya jumla ya kutowafuata watu wa mwenzako.

Sasa kwetu Tanzania. Wengi tunaijua FCC, yaani Tume ya Ushindani, kwa kukamata bidhaa bandia madukani, lakini Sheria ya Ushindani ya 2003 inayowapa nguvu ni pana zaidi ya hapo. Kifungu cha 9 cha ile sheria kilipoandikwa kilitaja moja kwa moja kupanga bei, kususia mtu kwa pamoja na kula njama kwenye zabuni, hakikutaja wafanyakazi, na hapo ndipo watu wanaposhika wanasema basi ruksa. Hapana. Soma cha 8, kinakataza makubaliano yoyote ambayo lengo lake au matokeo yake ni kuzuia au kuvuruga ushindani kwa kiasi cha kuonekana, na hakisemi ushindani wa kuuza tu. Kampuni mbili zinazogombania fundi mmoja ni washindani kwa huyo fundi, kama vile wanunuzi wawili wa kahawa Mbozi walivyo washindani kwa mkulima mmoja. Wakikubaliana wasipandishiane, mkulima kaumia, na kila mtu Mbozi analielewa hilo bila kusomewa sheria. Faini ya FCC inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo yako ya mwaka, mauzo sio faida.

Halafu kuna upande wa mikataba ya kawaida, ambao watu wanausahau. Mahakama zetu zimerithi sheria ya Uingereza kwenye mambo mengi ya mikataba, na kule kuna kesi inayofanana na yetu mpaka raha, ya Kores na Kolok, imeripotiwa 1959. Kampuni mbili majirani zilikuwa zinatengeneza karatasi za kaboni na riboni za mashine za kuandikia, zikakubaliana kwamba hakuna atakayemuajiri mtu aliyefanya kazi kwa mwenzake ndani ya miaka 5 iliyopita. Mmoja akavunja, mwenzake akakimbilia mahakamani, mahakama ikasema haya makubaliano hayana nguvu, yamepita kiasi, yanamfunga hata kibarua ambaye hajui siri yoyote ya kiwanda. Hukumu ya Uingereza ya mwaka ule haimfungi jaji wa Mbeya lakini wakili yeyote mzuri atamuwekea mezani. Kwa hiyo fikiria, hata kama hakuna FCC wala nani, jirani akikugeuka huna pa kumpeleka. Na Katiba ya 1977 ibara ya 22 inasema wazi kila mtu anayo haki ya kufanya kazi.

Na mimi nasema huku kwetu jambo hili linauma zaidi kuliko Dar. Pale Dar fundi umeme akikataliwa sehemu nne anaenda ya tano kwa daladala. Chukua mtu wa kiwanda cha chai Mufindi, anakaa nyumba ya kampuni, watoto wanasoma shule ya hapo hapo, waajiri wenye mashine anayoijua ni wachache na wote wanajuana kwa majina. Wakikubaliana watatu tu mshahara wake umeganda pale ulipo mpaka azeeke, au ahame mkoa aache shamba lake na wazazi. Hakuna mtu aliyemfukuza wala kumtukana, lakini maisha yake yameamuliwa kwenye simu ambayo hakuisikia. Hilo kwangu ni dhuluma hata kama sheria ingekuwa kimya.

Kuna mahali kifungu cha kutochukuliana kinakubalika, tusichanganye. Mfano kampuni ya ulinzi inakuletea walinzi, mkataba unasema usiwaajiri hao walinzi moja kwa moja mpaka miezi 6 baada ya mkataba kuisha, au umemuuzia mtu shule yako na yeye anataka usirudi mwaka wa kwanza kuwabeba walimu wote. Hapo kuna biashara halisi, kifungu kinailinda hiyo biashara tu, kina muda na kinawataja watu wanaohusika. Tofauti yake na ile ya grupu la WhatsApp ni kwamba ukiondoa kifungu, biashara bado ipo. Ukiondoa makubaliano ya grupu hakibaki kitu, maana hakukuwa na kitu kingine. Na kampuni yako yenyewe ikiamua bila kuongea na mtu kwamba haiajiri kutoka kwa fulani, huo ni uamuzi wako, kosa linaanza mnapokuwa wawili.

Kumzuia mfanyakazi mwenyewe kwenye mkataba

Hii ndiyo ya pili kwa kupendwa: "ukiacha kazi hapa hutafanya kazi kwa mshindani wetu kwa muda fulani". Uzuri wake ukilinganisha na ya kwanza ni kwamba mtu ameiona, ameisoma (kama alisoma), amesaini, na anaweza kuikataa. Ubaya wake ni kwamba ukiiandika kwa pupa haikusaidii.

Msimamo wa sheria tuliyoirithi ni kwamba kumzuia mtu asifanye kazi halali ni batili mpaka wewe mwajiri uonyeshe kuna kitu halali unakilinda na zuio halijapita kiasi kwa muda, kwa eneo na kwa aina ya kazi. Na kitu halali ni siri za biashara na uhusiano na wateja, sio ujuzi alio nao mtu kichwani na mikononi. Ujuzi ni wake hata kama aliupata kwako, hili wamiliki wengi hawalipendi lakini ndivyo lilivyo.

Kwa hiyo kifungu kinachosema "hutafanya kazi ya mbao Nyanda zote za Juu Kusini kwa miaka 3" kwa operata wa mashine, huyo unamwambia ahame kuanzia Iringa mpaka Rukwa, ni cha kutupa tu. Ila meneja mauzo anayejua bei zako zote, anajua nani ananunua tani ngapi na kwa mkopo wa siku ngapi, ukimzuia miezi 6 asiende kwa mshindani wa wilaya hiyo hiyo na ukamlipa chochote kwa hiyo miezi, hapo una cha kutetea. Hata nje hakuna msimamo mmoja, California hivi vifungu ni batili karibu vyote, na serikali kuu ya Marekani ilijaribu kuvipiga marufuku nchi nzima mwaka 2024 mahakama ya Texas ikazuia. Mimi ningeitumia kwa watu wawili watatu wa juu tu, kwa mwalimu, dereva, mhudumu wa loji au fundi nisingeigusa kabisa.

Siri na wateja

Hii watu wanaiacha wakati ndiyo inayowauma kweli. Ukimkalisha bosi umuulize hasa anaogopa nini, mara nyingi sio mtu kuondoka, ni mtu kuondoka na simu yenye namba za wakulima 300 aliowasajili. Basi linda hizo namba. Andika kwamba orodha ya wakulima, bei, mchanganuo wa gharama na fomula ni mali ya kampuni, hazitoki, na kwamba kwa muda fulani baada ya kuondoka hatawafuata wateja aliokuwa anawahudumia yeye mwenyewe. Haimzuii kufanya kazi popote, anaweza kuanza kesho kwa jirani, ila aende mikono mitupu. Mahakamani inasimama vizuri zaidi kuliko ile ya pili kwa sababu haimkatii mtu ugali. Ila usiandike halafu ukaacha kila mtu anatumia simu yake binafsi kusajili wakulima, nunua laini ya ofisi, data ikae ofisini, bwana shamba akiondoka laini inabaki.

Mkataba wa mafunzo

Kama hasira yako ni "nimemsomesha mimi", basi dai lako ni la pesa, sio la mtu. Mlipie mafunzo na msaini kabla hajaenda kwamba akiondoka kabla ya muda fulani anarudisha sehemu ya gharama, na hiyo sehemu inapungua kila mwezi. Tuseme kozi ya kunoa misumeno imekugharimu 1,800,000 na mmekubaliana miezi 18, kila mwezi inafutika laki moja, akiondoka mwezi wa 10 umemalizika anadaiwa laki nane, akimaliza 18 hadaiwi senti. Jirani akimtaka sana anaweza hata kumlipia hiyo laki nane, na hapo wewe umerudishiwa chako, yeye kapata fundi, kijana kapata mshahara mzuri, hakuna aliyeonewa.

Mambo ya kuangalia: gharama iwe ya kweli na risiti zake, sio unaandika milioni tano kwa semina ya siku mbili ya kwenye ukumbi wa Mwanjelwa. Kumuelekeza kazi wiki ya kwanza sio mafunzo ya kudaiana, hiyo ni gharama ya kuajiri. Usikate mshahara wake wa mwisho kienyeji, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 28 inataka makato yawe na msingi wa kisheria au makubaliano ya maandishi. Na tafadhali sana, vyeti halisi vya mtu usivishikilie. Shule nyingi zina huu mtindo wa kuweka vyeti vya walimu kabatini "kwa usalama", mwalimu akitaka kuondoka anaanza kuzungushwa. Huo sio mkataba, ni kumshika mtu mateka, na akiondoka kwako sheria inakutaka wewe umpe cheti cha utumishi, sio kumnyima alivyokuja navyo.

Notisi, mshahara na bonasi

Hii fupi kwa sababu haina ujanja. Notisi ya chini kisheria kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, lakini mnaweza kukubaliana ndefu zaidi ilimradi iwe sawa pande zote mbili, miezi 2 au 3 kwa mtu wa nafasi nyeti inakupa muda wa kuandaa mwingine. Ukiongeza bonasi inayolipwa msimu wa parachichi au mwaka wa masomo ukiisha kwa aliyebaki mpaka mwisho, umepunguza sana kile cha mtu kukuachia kazi katikati. Tatizo lake inakula pesa kweli, na biashara ndogo Uyole au Tukuyu haiwezi kushindana kwa mshahara na mwekezaji mkubwa. Sawa, ila piga hesabu kabla hujasema huwezi: elfu hamsini kwa mwezi ni laki sita kwa mwaka. Gharama ya kumfundisha mwingine, mzigo utakaoharibika akijifunza, wateja watakaolalamika, mara nyingi inapita hapo.

Sasa uchague ipi

Kama una fundi au mwalimu uliyemsomesha, mkataba wa mafunzo na bonasi ya kumaliza msimu, usiongeze kingine. Kama ni mtu wa mauzo au bwana shamba mwenye wakulima wake, kifungu cha siri na wateja pamoja na notisi ndefu. Kama ni meneja anayejua kila kitu hapo ndipo kifungu cha kutokwenda kwa mshindani kina maana, kifupi na chenye malipo, na kipitiwe na wakili, usinakili cha mtu mwingine mtandaoni. Kama unakodisha watu kwa mteja au unauza biashara, kifungu cha kutochukuliana kiwe ndani ya huo mkataba, na tarehe ya mwisho iandikwe. Kukubaliana na jirani peke yake kwa ajili ya kushikilia watu, sijaona hali hata moja ambapo ningekushauri.

Kwa mfanyakazi anayesoma hapa: ukiajiriwa mahali halafu unafukuzwa kwa sababu bosi wa zamani kapiga simu, hiyo sio sababu halali ya kumuachisha mtu, peleka malalamiko CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) ndani ya siku 30, ofisi zao zipo kila mkoa. Ila ujue kinga ya kuachishwa isivyo halali kwa sheria ya 2004 inaanza baada ya miezi 6 kazini, kwa hiyo ile miezi ya mwanzo uko wazi zaidi, tunza ujumbe wowote unaoonyesha hiyo simu ilipigwa.

Na kama wewe mwenye biashara tayari upo kwenye maelewano ya hivyo, toka leo. Waandikie wenzako sentensi moja kwamba kuanzia sasa unaajiri yeyote mwenye sifa na wao wako huru kwa watu wako, waambie wanaohoji waombaji kwako waache kudai barua ya kuachiwa, na usifute meseji za nyuma, maana ukija kuulizwa hiyo sentensi ya kujitoa pamoja na tarehe yake ndiyo itakayokutetea.